Maumivu ya Nyonga Yashukayo Mguuni: Uhakiki wa Maneno Tunayoyatumia

Istilahi za sheria, za ufundi na za utawala zimehakikiwa mara nyingi. Safari hii tumeonelea tuyatazame maneno ya jambo moja la tiba, nalo ni maumivu yanayoanzia nyonga na kushuka mguuni. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni maradhi ya watu wengi: mkulima, mchukuzi, dereva, mwalimu asimamaye kutwa na karani aketiye kutwa, wote huweza kupatwa nayo. Pili, sababu zake ni nyingi na zinatofautiana mno, na njia ya kwanza aliyo nayo tabibu ya kuzitenganisha ni maneno ya mgonjwa mwenyewe. Tabibu amesomea kazi yake kwa Kiingereza, naye mgonjwa anajieleza kwa Kiswahili. Kwa hiyo kabla ya kipimo chochote kufanywa, tafsiri imekwisha fanywa. Ikiwa tafsiri hiyo ina kasoro, mgonjwa huweza kupelekwa pasipo pake, au akaambiwa asubiri wakati ambapo hakupaswa kusubiri hata siku moja.

Ili tusimtaje mfasiri yeyote, tumeunda wenyewe sentensi moja kwa kufuata mtindo wa vijitabu na matangazo ya afya yanayowafikia wananchi. Sentensi hiyo ni hii: "Maumivu ya kiuno yanayosambaa mguuni husababishwa na mshipa kubanwa na sahani ya uti wa mgongo iliyoteleza." Msomaji wa kawaida ataisoma na kuridhika, kwa kuwa ni Kiswahili chepesi na sarufi yake haina dosari. Hata hivyo, karibu kila neno la maana lililomo lina walakini. Tutayachukua moja moja.

1. Kiuno na nyonga

Kiuno ni pale mtu anapofungia mshipi au kanga. Nyonga iko chini yake, mahali paja linapoungana na kiwiliwili. Tofauti hii inajulikana na kila mzungumzaji, lakini katika habari za ugonjwa hupotea. Mtu anayeumwa sehemu ya chini ya mgongo husema anaumwa kiuno. Anayeumwa makalio naye husema kiuno, au husema nyonga. Na anayeumwa kinena mara nyingi husema nyonga vile vile.

Jambo hili halitokani na uchache wa maneno, bali linatokana na adabu. Makalio na kinena ni sehemu ambazo mtu mzima hazitaji ovyo mbele ya mtu asiyemzoea, hasa akiwa ameongozana na mwanawe au mkwewe. Tunaiheshimu adabu hiyo. Lakini yafaa mfasiri ajue hasara yake. Kiungo cha nyonga chenyewe, yaani pale kichwa cha mfupa wa paja kinapoingia katika kikombe cha mfupa wa nyonga, kikiharibika aghalabu huuma kinenani na mbele ya paja, na maumivu yake huweza kufika mpaka gotini. Maumivu ya makalio yanayoshuka nyuma ya paja mpaka chini ya goti, kwa upande mwingine, mara nyingi hutoka mgongoni. Na maumivu ya ubavu wa nje wa nyonga, yanayozidi mtu alaliapo upande huo, kwa kawaida hutokana na kano za misuli ya makalio au vifuko vya ute vilivyo karibu na mfupa wa pale. Mahali patatu, sababu tatu, matibabu matatu. Nasi tunayaita yote "maumivu ya nyonga".

Kiingereza nacho hakina usafi zaidi katika jambo hili, maana Mwingereza wa kawaida naye hushika ubavu, makalio au kinena na kutaja neno lile lile moja. Mfasiri akutanaye na neno hilo katika matini ya kigeni asikimbilie kuandika "nyonga" kabla hajajiuliza mwandishi alikusudia wapi.

2. Mguu

Neno hili huanzia kwenye paja na kuishia kwenye vidole. Mara nyingine huwa ni sehemu ya chini ya goti peke yake, na mara nyingine ni unyayo tu. Katika mazungumzo ya kila siku utata huu haumdhuru mtu. Katika maradhi tunayoyazungumzia unadhuru, kwa sababu mahali maumivu yanapokomea ndipo panapoonyesha yalikotoka. Maumivu yanayokomea gotini hayana maana sawa na yale yanayofika vidoleni. Tena mzizi mmoja wa neva ukibanwa huleta maumivu upande wa nje wa muundi na juu ya wayo mpaka kwenye kidole gumba; mzizi ulio chini yake huleta maumivu nyuma ya shavu la mguu na upande wa nje wa wayo.

Kiswahili kina maneno ya kutosha: paja, goti, muundi, shavu la mguu, kifundo, kisigino, wayo, kidole. Utajiri huo tunao, lakini hatuutumii. Fomu inayomtaka mgonjwa ajaze "maumivu ya mguu: ndiyo au siyo" inayatupa maneno manane na kubakiza moja.

3. Kusambaa

Kitu kinachosambaa huenda pande zote, kama maji yaliyomwagika au habari za mtaani. Maumivu ya neva hayafanyi hivyo. Hufuata mstari, na mgonjwa huweza kuuchora mstari huo kwa kidole kimoja. "Kuenea" lina kasoro ile ile. "Kutambaa" linakaribia, ila lina wazo la kwenda polepole, na maumivu haya mara nyingi hupita ghafla kama umeme. Sisi tunapendelea "kushuka" au "kuteremka", na pale inapobidi kueleza zaidi, "kushuka kwa mstari". Neno "kusambaa" liachiwe maumivu yasiyo na njia maalumu.

4. Mshipa

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Katika lugha ya kila siku mshipa ni chombo cha damu, ni neva, ni kano, mara nyingine hata ni msuli uliokaza. Tena kuna wanaosema "ana mshipa" wakiwa na maana ya ngiri. Neno moja limebeba mizigo mitano.

Tuangalie linavyopotosha. Maumivu ya makalio, paja na shavu la mguu yanayokuja mtu atembeapo huweza kuwa na sababu mbili zisizo na uhusiano wowote. Ya kwanza ni kusongeka kwa neva ndani ya uti wa mgongo uliokuwa mwembamba kwa ajili ya umri. Ya pili ni kuziba kwa ateri zipelekazo damu mguuni, jambo linalowapata hasa wavutaji tumbaku na wenye ugonjwa wa kisukari. Tabibu huzitofautisha kwa kuuliza: mwenye neva kusongeka hupata nafuu akiketi au akiinama mbele, mwenye ateri kuziba hupata nafuu kwa kusimama tu. Baada ya kupima, tabibu hutoa jibu. Lakini jibu hilo linapomfikia mgonjwa kwa Kiswahili chetu, yote mawili huwa "mshipa umebanwa". Mgonjwa wa ateri akaenda nyumbani akafanyiwa uchuaji wa mgongo, na huku mguu unakosa damu.

Wako wanaosema kwamba "mshipa wa damu" na "mshipa wa fahamu" vinatosha. Tunakubali kwamba vinatosha vikiandikwa kwa ukamilifu kila mara. Ila sivyo vinavyotumika. Mwandishi huandika kwa ukamilifu katika aya ya kwanza, na kuanzia aya ya pili hubakiza "mshipa" peke yake. Zaidi ya hayo, "fahamu" huleta mawazo ya akili na kuzirai, na mgonjwa aambiwapo kwamba mishipa yake ya fahamu ina hitilafu huweza kudhani anaambiwa habari za kichwa chake na wala si za mguu. Vitabu vya sayansi vimekwisha yazoea maneno neva, ateri na vena. Hatuoni sababu ya matangazo ya afya kuyaogopa.

5. Sahani iliyoteleza

Kati ya pingili na pingili ya uti wa mgongo pana kitu cha mviringo chenye ukingo mgumu na kiini laini, ambacho kazi yake ni kupunguza mshindo. Sahani ni chombo kigumu cha kulia chakula. Haipunguzi mshindo wowote, na ikigongwa huvunjika. Aliyetumia neno hilo alitafsiri umbo akaiacha kazi. "Mto" lingeeleza kazi, lakini lina maana ya mto wa maji pia, na udogo wake, "kijito", haufai kabisa. Tunaona heri kulipokea neno "diski" na kulitambulisha kwa maelezo mafupi linapotajwa mara ya kwanza.

Kuteleza nako ni kosa tulilolikopa. Diski haitelezi wala haihami pahali pake kama fundo la kamba. Kinachotokea ni kwamba ukingo wake hulegea au kupasuka, na kiini huchomoza na kuugusa mzizi wa neva. Kitenzi "kuchomoza" tunacho, na kinasema kweli. Tofauti hii si ya wanataaluma peke yao. Mtu aliyeambiwa kwamba kitu kimeteleza hutaka kirudishwe, naye humtafuta mtu wa kumvuta na kumkanda kwa nguvu. Mtu aliyeambiwa kwamba kiini kimechomoza huweza kuelezwa, naye akaelewa, kwamba aghalabu hali hiyo hutulia yenyewe katika majuma kadhaa, na kwamba wachache tu huhitaji operesheni.

Uti wa mgongo, katika sentensi yetu, nao una maana mbili: mifupa, na ule ugwe wa neva upitao ndani ya mifupa. Tunapendekeza "uti" ubaki kuwa mifupa na "ugwe wa mgongo" uwe jina la kile kilichomo ndani.

6. Maneno ya mgonjwa

Hadi hapa tumeyahakiki maneno ya waandishi. Maneno ya wagonjwa nayo yanahitaji mfasiri makini, kwani yana maana pana kuliko wageni wanavyodhani. Mgonjwa akisema mguu "unachoma", huenda anahisi moto, na huenda anahisi kitu chenye ncha kinapenya, maana kitenzi hicho ni cha moto na cha mwiba. Iko neva moja ndogo ipitayo kinenani kwenda ubavuni mwa paja, ambayo hubanwa na mshipi wa kukaza, unene au ujauzito. Dalili yake ni kuwaka na ganzi pale ubavuni, bila udhaifu wowote wa mguu. Mfasiri akiandika kwamba mgonjwa anachomwa kama kisu, dalili imekwisha geuka.

Vivyo hivyo "mguu umekufa". Wengine husema hivyo wakiwa na maana ya ganzi, yaani hawahisi kitu. Wengine wana maana kwamba hawawezi kuunyanyua. La kwanza ni upungufu wa hisi, la pili ni upungufu wa nguvu, na la pili huongeza uzito wa ugonjwa. Pasipo swali la ziada haiwezekani kujua ni lipi.

Kuna jambo moja ambalo makosa yake hayasameheki. Mafungu ya neva yaliyo mwisho wa uti yakibanwa yote kwa pamoja, mgonjwa hupata ganzi katika sehemu zigusazo kiti cha baiskeli, miguu yote miwili huweza kulegea, na haja hubadilika. Hii ni dharura ya kupelekwa hospitali saa ile ile. Kuchelewa huweza kumwachia mtu ulemavu wa maisha. Sasa tazama tunavyoiandika: "kupata matatizo ya haja". Ni matatizo gani? Kushindwa kukojoa na kushindwa kuuzuia mkojo ni mambo mawili yanayopingana, na yote mawili ni dalili ya hatari hiyo. Aliyefungwa mkojo akisoma onyo linalotaja kushindwa kujizuia tu, ataona halimhusu. Na "ganzi sehemu za siri" humfanya msomaji afikirie maradhi ya zinaa. Adabu ni nzuri, lakini katika onyo la dharura uwazi hutangulia.

7. Majina yanayobeba sababu

Baadhi ya majina yetu yanataja sababu, kwa hiyo yanaelekeza tiba. "Baridi yabisi" ni jina lililotokana na elimu ya zamani ya tiba, iliyoyapanga maradhi kwa joto na baridi, umajimaji na ukavu. Leo limekuwa jalala la maumivu yote ya viungo. Kiungo cha nyonga kilichosagika kwa umri na kiungo kilichovimba kwa sababu ya maradhi ya kinga ya mwili si kitu kimoja. Wananchi wenyewe wameanza kusema "kusagika", na neno hilo linaeleza vizuri hali ya gegedu kulika.

"Kifua kikuu" kina shida ya namna nyingine. Ugonjwa huu huweza kuishika nyonga au pingili za mgongo, na usaha wake ukateremka mpaka kinenani. Mgonjwa asiyekohoa akiambiwa ana kifua kikuu cha nyonga hushangaa, na wengine hukataa dawa. Jina limekwisha enea mno kuweza kubadilishwa. Lakini haifai kamwe kuliandika bila kueleza kwamba vijidudu vile vile huweza kukaa mifupani.

Tusidhani kwamba majina yetu yote ni mabaya. "Selimundu" limeeleza umbo la seli kwa zana anayoijua kila mkulima, nalo tunalihitaji hapa, maana ugonjwa huo huweza kukikosesha damu kichwa cha mfupa wa paja hata kikafa, na kijana mdogo akachechemea kama mzee. "Mkanda wa jeshi" nalo ni jina la wananchi lililo sahihi kuliko mengi ya vitabuni: vipele hufuata eneo la neva moja na kuuzunguka mwili kama mkanda. Ukitokea kiunoni, maumivu huweza kutangulia vipele kwa siku kadhaa na kushuka mguuni.

8. Wengine nao walikopita

Msomaji huenda akafikiri kwamba lugha za Ulaya zilizaliwa na istilahi zao. Sivyo. Jina ambalo wengine wetu huliandika "siatika" lina asili ya neno la Kiyunani la nyonga, na kwa karne nyingi lilitumika kwa maumivu yoyote ya pale, yawe ya kiungo, ya msuli au ya neva. Mkanganyiko wao ulikuwa ni huu wetu wa leo. Mwaka 1764 tabibu Domenico Cotugno wa Napoli alitoa kitabu kwa Kilatini ambamo aliyagawa maumivu hayo: ya kiungo mbali, ya neva mbali, kisha yale ya neva akayagawa tena, yashukayo nyuma ya paja na yashukayo mbele yake. Sababu aliyoitaja, yaani majimaji yanayoizunguka neva, haikudumu. Ilipofika mwaka 1934 ndipo Mixter na Barr, wapasuaji wa Boston, walipoeleza jinsi diski iliyochomoza inavyoubana mzizi wa neva. Mgawanyo wa majina ulitangulia maarifa hayo kwa miaka 170, na bila shaka uliyasaidia kuja, kwani kisichotenganishwa kwa jina ni vigumu kuchunguzwa.

9. Mapendekezo

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa umma wayafikirie haya:

(a) "Nyonga" itumike kwa kiungo na mahali pake tu. Pakikusudiwa kinena, makalio, ubavu wa paja au sehemu ya chini ya mgongo, paandikwe kwa jina lake.

(b) Neva, ateri na vena zitumike katika maandishi yote ya afya. Zitajwapo mara ya kwanza zifafanuliwe kwa "mshipa wa fahamu" na "mshipa wa damu". "Mshipa" peke yake liepukwe.

(c) Neva nene kuliko zote mwilini, ipitayo makalioni na nyuma ya paja, iitwe "neva kuu ya mguu". "Siatika" liwe jina la maumivu ya neva hiyo peke yake, wala lisitumike kwa kila maumivu ya nyonga.

(d) Diski "huchomoza", kiungo "husagika", ateri "huziba", neva "hubanwa". Vitenzi hivi visibadilishane.

(e) Ganzi na udhaifu viulizwe katika maswali mawili mbalimbali, na vivyo hivyo kushindwa kukojoa na kushindwa kujizuia.

Kuna watakaosema kwamba tunawatwisha wananchi maneno magumu. Mwananchi aliyejifunza kusema diski, presha, insulini na selimundu hawezi kushindwa na neva. Tena hatusemi kwamba neno "mshipa" lifutwe vinywani mwa watu. Kinywa cha mtu ni chake. Tunachokidai ni kwamba anayeandika kwa niaba ya wizara, shule au hospitali asijifiche nyuma ya upana wa neno hilo. Mwuguzi achomaye sindano makalioni hufundishwa kulenga robo ya juu, upande wa nje, ili asiidhuru neva kuu. Mafundisho hayo yakiandikwa kwa Kiswahili kisemacho "asiguse mshipa", mwanafunzi atautafuta mshipa wa damu.

Sentensi tuliyoanza nayo sasa yaweza kuandikwa hivi: "Maumivu ya makalio yanayoshuka kwa mstari nyuma ya paja mpaka chini ya goti mara nyingi husababishwa na diski ya uti wa mgongo iliyochomoza na kuubana mzizi wa neva." Imekuwa ndefu kidogo, na imeacha nafasi kwa sababu nyingine kutajwa. Wasomaji walio karibu na wagonjwa, hasa wauguzi na waganga wa vituo vya vijijini, wanaombwa watuletee maneno ya sehemu zao ya aina mbalimbali za maumivu, pamoja na maelezo ya jinsi yanavyotumiwa, ili yapimwe kabla ya orodha ya istilahi kutengenezwa.